Mtoto amelia kwa sababu ya gemu, mama amekifungia kigemu kabatini

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanaume wa miaka 38, naishi Tanga, nauza vipuri vya pikipiki. Mwaka juzi nilimwoa mjane mwenye mtoto mmoja wa kiume. Sasa hivi ana miaka 11, yuko darasa la tano. Baba yake alifariki kwa ajali ya barabarani mtoto akiwa na miaka minane. Mimi na mama yake tumejaliwa binti, bado ananyonya. Mama mkwe pia tunaishi naye.

Mtoto hanisumbui. Ana adabu, anasalimia, nikimtuma anakwenda. Ananiita Anko. Ila kwangu ni mkimya, na habari za marehemu baba yake sijawahi kumsikia akizigusa.

Ramadhani iliyopita shangazi yake anayeishi Leicester alikuja likizo, akamletea Nintendo DS, kile kigemu cha kukunja chenye vioo viwili. Kimetumika lakini kizima, na ndani kina kadi moja tu: Dragon Quest: The Hand of the Heavenly Bride. Mtoto amezama humo.

Kwanza, akiitwa kula anajibu, "Subirini kidogo, nifike kanisani." Siku mama mkwe alipolisikia neno hilo alikaa chini. Sisi ni Waislamu, Shangazi. Halafu akamwona anafuga madubwana, mengine yana mapembe, na kila moja ana jina lake. Bibi anasema yale ni mashetani na mwisho wake yatahamia nyumbani.

Hayo yangepita. Wiki mbili nyuma, usiku, tulisikia analia kwa ule ukimya wa mtu asiyetaka kusikika. Tulipomuuliza akasema, "Wamemuua baba yake." Ikabidi atueleze kwamba ni baba wa yule mtoto wa kwenye gemu. Aliuawa mwanawe akitazama, na hakujitetea hata kidogo kwa sababu adui alikuwa amemwekea mtoto silaha shingoni. Mke wangu alikichukua kigemu pale pale akakifungia kabatini. Anasema mwanawe ameshazika baba mmoja, wa pili wa nini.

Mtoto hakubishana. Siku chache baadaye alinifuata dukani peke yake, jambo asilowahi kulifanya, akaniambia: "Anko, niombee kwa mama. Yule mtoto bado yuko utumwani." Sikuwa na jibu. Mke wangu namwelewa, na sitaki nionekane najipendekeza kwa mtoto kwa kumpinga mama yake. Lakini ile safari yake ya dukani hainitoki.

Na jambo moja dogo. Binamu zake wamemwambia kwamba mbele huko ataoa, na kuna wachumba watatu. Ameniuliza amwoe nani. Hilo nalo nisaidie.

Anko, Tanga

*

Marahaba, mwanangu.

Kitoke kabatini. Lakini akitoe mama yake kwa mkono wake, wewe ukae pembeni, na kabla ya hapo mketi wawili umsomee jibu hili lote. Lina mambo ambayo yeye kama mzazi anapaswa kuyajua kabla mtoto hajayafikia.

Gemu hii naijua. Nimeicheza mpaka mwisho kwenye kigemu cha aina hiyo hiyo, miwani puani, wanangu wakubwa wakinicheka. Ni kazi ya Wajapani. Kampuni ya Enix iliitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1992, mtunzi wake Yuji Horii, michoro ya Akira Toriyama. Toleo la DS lilitoka Japani mwaka 2008, likafika Ulaya na Marekani mwaka 2009. Kwa mpangilio wao ni ya tano, ila ya Ulaya haikuandikwa namba kwenye jina, ndiyo maana mtu anaweza kuicheza bila kujua kwamba ina ndugu zake kabla na baada.

Gemu nyingi za namna hii zinakupa kijana mwenye upanga, asiye na wazazi wala mtu wa kumuuliza anarudi saa ngapi. Hii inaanza na mtoto mdogo anayetembea nyuma ya baba yake. Baba anaitwa Pankraz. Na hapa nataka mke wako asikilize vizuri. Mwanzoni, mkikutana na maadui njiani, Pankraz anapiga mara mbili wakati mtoto anapiga mara moja. Vita vikiisha, kama mtoto ameumia, baba anamponya, bila kuombwa na bila mchezaji kubonyeza chochote. Unatembea tu, na majeraha yako kuna mtu anayeyashughulikia. Mchezaji anazoea, kama sisi sote tulivyozoea. Siku Pankraz anapouawa, huduma ile inakatika. Kuanzia hapo ukiumia unajitibu mwenyewe.

Kwa hiyo mwanenu hakulilia picha. Saa nyingi alikuwa ametembea na baba, akalindwa, akatibiwa, kisha akaambiwa basi. Watu wazima wasio na msiba wowote wamelia pale. Mtoto aliyezika baba yake akiwa na miaka minane, akapita pale macho makavu, huyo ndiye angenitia wasiwasi.

Umesema hajawahi kuzigusa habari za baba yake. Mimi naona ameshazigusa. Alikuja dukani kwako kwa miguu yake kuzungumza habari za mtoto aliyefiwa na baba, na akakuchagua wewe. Kwamba alilitaja jina la mtoto wa kwenye gemu badala ya lake, hilo lisikusumbue. Watoto wengi hupita mlango wa uani.

Sasa kuhusu kabati. Nia ya mama ni njema, lakini tazama hadithi imefungiwa mahali gani. Baba ameuawa. Yule mtoto na rafiki yake, mwana wa mfalme aitwaye Harry, wamechukuliwa kujenga hekalu kama watumwa, na watakaa huko miaka kumi. Hapo ndipo mwanenu alipoachwa. Kwake, kwa sasa, hadithi ya kufiwa na baba inasema hivi: baba anakufa, mtoto anakuwa mtumwa, kwisha. Hakuna mahali pabaya zaidi pa kuisimamisha. Maneno yake kwako dukani yalikuwa hayo hayo.

Yanayofuata nitayasema wazi, na wanaoicheza sasa wanisamehe, waruke aya chache.

Wanatoroka ndani ya pipa baharini. Yule mtoto, sasa kijana, anarudi kijiji alichokulia na kukikuta kimechomwa. Kwenye pango la nyuma ya nyumba yao anapata barua ya baba yake na upanga ambao baba alikuwa ameuficha. Barua inaeleza kazi ambayo Pankraz hakuimaliza: mama wa mtoto yu hai, ametekwa, na anayeweza kufika alipo ni Shujaa mmoja tu aliyetabiriwa. Baada ya hapo kuna kijiji cha wakulima wanaolalamikia mnyama anayewaharibia mazao. Kijana anamfuata mnyama pangoni na kumtambua. Ni paka mkali ambaye yeye mwenyewe alimwokoa utotoni, akapotea siku baba alipouawa. Paka amekuwa mkubwa, hamkumbuki, anataka kumrarua, mpaka anaponusa utepe wa nywele wa rafiki yao wa utotoni. Na humo pangoni upo upanga mwingine, ule ambao Pankraz mwenyewe alikuwa akipigania. Mnyama ameulinda miaka yote hiyo. Mimi pale niliweka kigemu chini nikaenda kuchemsha chai ambayo sikuinywa.

Kisha anaoa, anapata mapacha, wa kiume na wa kike. Anagundua kwamba baba yake alikuwa mfalme. Halafu yeye na mkewe wanageuzwa mawe. Sanamu yake inauzwa mnadani na kusimamishwa kwenye uwanja wa watu, miaka minane, anaona mtoto wa mwenye nyumba akikua na hawezi hata kupepesa. Wanaomkomboa ni wanawe mwenyewe, waliokuwa wakimtafuta. Na hapo ndipo gemu inapotoa siri yake: Shujaa aliyetabiriwa ni mwanawe. Ule upanga uliofichwa pamoja na barua, uliomkataa babu, ukamkataa na baba, unamkubali mjukuu. Mchezaji aliyepigana saa zote hizo kumbe alikuwa kiungo cha katikati tu, mtu wa kupokea kwa baba na kukabidhi kwa mtoto. Kwa watoto wa miaka 11 waliofiwa, sioni hadithi nyingi zinazowaambia kwamba wao ni katikati ya kitu, kwamba baada yao kuna watu.

Ndiyo maana nasema aimalize. Lakini asiimalize peke yake. Kuna sehemu tatu mtu mzima awe karibu.

Ya kwanza ni barua ya pangoni, ambayo haiko mbali na alipo sasa. Akifika hapo mwombeni awasomee, awatafsirie. Kiingereza cha gemu hii kina lafudhi na mizaha ya maneno, akikwama msimsahihishe. Halafu mama, kama ana chochote cha maandishi ya marehemu, daftari, kadi ya kliniki aliyoijaza, hata risiti yenye sahihi yake, wakati huo ndio wa kukitoa. Asilazimishe mazungumzo. Akiweke tu mezani.

Ya pili iko mbali sana mbele. Kijana, ambaye sasa ni mzee wa watoto, anarudishwa nyuma kwa njia ya picha ya kichawi mpaka kijiji chake kabla hakijachomwa. Anakutana na yeye mwenyewe akiwa mdogo. Na baba yupo, mzima, ndani ya nyumba. Anaweza kuzungumza naye. Hawezi kubadilisha kitakachotokea. Mwanenu huenda akajaribu kila jibu, akatoka akaingia tena, akitafuta neno la kumzuia Pankraz asisafiri. Neno hilo halipo. Msimkatize. Baadaye, si usiku huo, mwulizeni angemwambia nini baba yake yeye. Akisema sijui, basi sijui inatosha.

Ya tatu ni ya mke wako hasa. Mama wa kijana, Madalena, aliyetafutwa tangu mwanzo, anapatikana karibu na mwisho, na anakufa. Roho ya Pankraz inakuja kumpokea na wanaondoka pamoja. Ni pazuri na panachoma. Mtoto aliyebakiwa na mzazi mmoja anaweza kuogopa usiku huo. Mama alale karibu naye, na amwambie mapema, hata wiki nzima kabla, kwamba jambo hilo linakuja. Kumwambia hakuharibu utamu.

Nimesema vya mama, nije kwako. Nadhani kuna swali hukuliandika: wewe kwenye hadithi hii ni nani? Pankraz una uhakika si wewe, na ni vizuri, usijaribu. Muulize mtoto habari za Sancho. Ni mtumishi wa nyumba ya Pankraz, mtu mnene, si mpiganaji wa kutisha. Kijiji kilipochomwa akanusurika. Yule kijana alipogeuzwa jiwe na mkewe, aliyekaa na mapacha wasio wake miaka yote minane ni Sancho, na walipotoka kuwatafuta wazazi wao alikwenda nao. Wale watoto wanajua baba yao ni nani, hakuna aliyewaficha wala aliyejiweka mahali pake, na hakuna anayehoji Sancho anafanya nini pale. "Anko" si cheo kidogo, baba. Akija siku moja kukuita vingine, itikia. Asipokuja, umeshaitwa.

Kwa vitendo: ukirudi dukani jioni keti kando yake dakika ishirini, bila simu. Usimwambie akufundishe kucheza. Mwulize tu leo wamefika wapi. Gemu hii ina kitufe cha kuzungumza na mnaosafiri nao, na kila mmoja ana la kusema juu ya kila kijiji. Mwombe akusomee wanachosema. Utashangaa mkimya huyo ana maneno mangapi.

Mama mkwe sasa. Mpeni shikamoo zangu na mumweleze hivi. Kanisa kwenye gemu hii ndipo kumbukumbu ya safari inapoandikwa. Karibu kila mji una kanisa, mchezaji anamwendea padri, padri anaandika, basi umesevu. Huyo huyo ndiye anayefufua wenzako walioanguka vitani na kuwaondolea laana. Ukishindwa vitani unajikuta kanisani, umepona, ila nusu ya dhahabu yako imekwenda. Mtoto anaposema "nifike kanisani" anasema "nisipoteze kazi yangu." Siwafichi kwamba padri huyo anamtaja mungu wa kike. Ni dini ya kubuni, ya nchi ya kubuni, na mtoto wa darasa la tano anayekwenda madrasa anajua tofauti. Bibi akiwa na shaka amwulize mwenyewe, atajibiwa. Wengine tumekua kwa ngano za majini wa chini ya bahari na imani zetu ziko pale pale.

Na yale madubwana si ya kufugwa kwa ubaya. Kijana wa hadithi ana kipaji: baadhi ya maadui akiwashinda huinuka na kuomba wafuatane naye, na anawapakia kwenye gari lake la farasi. Bibi akiwa na nafasi aonyeshwe Slime, kile kidude cha buluu kinachotabasamu. Nampa dakika tano atauliza kinakula nini.

Muda. Hapa namwunga mkono mama bila masharti: kigemu kisiingie kitandani. Kitandani ndipo alipolilia peke yake, na usiku kila kitu ni kikubwa kuliko kilivyo. Kichajiwe sebuleni, kilale sebuleni. Siku za shule saa moja baada ya kazi za shule, mwisho wa wiki mkubaliane. Akiitwa kula au kuswali hahitaji kufika kanisani. Akikikunja tu kile kigemu, DS inalala na gemu inasimama pale pale, akikifungua anaendelea. Asikizime, akikunje. Betri inaliwa polepole, kwa hiyo kisikae hivyo usiku kucha bila chaji. Na gemu yenyewe ina mwisho, saa thelathini na kitu mpaka arobaini, si zile za simu zinazodai pesa kila siku. Chaja ya simu haikiingii, msimpe fundi akachokonoe tundu. Itafutwe chaja ya DS ya aina hiyo hiyo, hata shangazi wa Leicester aitume.

Kama ataanza kukosa usingizi siku nyingi mfululizo, akaacha kula, akashuka darasani, au akaanza kusema anataka kumfuata baba yake, hayo si mambo ya gemu tena wala si ya barua. Mpelekeni hospitali waulizie mshauri nasaha, na mwalimu wake wa darasa ajue. Kwa uliyonieleza, hajafika huko.

Haya, tuoe. Wachumba watatu: Bianca, binti wa mwenye nyumba ya wageni, walicheza pamoja utotoni na ndiye mwenye ule utepe. Nera, binti mpole wa tajiri Briscoletti. Na Debora, dada yake Nera, mwenye ulimi mkali, ambaye aliongezwa kwenye toleo hili la DS. Yeyote atakayemwoa atapata mapacha, na hadithi kubwa haibadiliki. Nywele za watoto ndizo zinafuata za mama: dhahabu kwa Bianca, buluu kwa Nera, nyeusi kwa Debora. Nera akiachwa yupo kijana anayempenda sana na atamwoa. Bianca akiachwa anabaki kijiji cha mlimani akimuuguza baba yake. Mimi nilimwoa Bianca na sitaki ushauri wa mtu.

Lakini wewe usimchagulie. Akikuuliza tena, mrudishie swali, umsikilize atakavyompima kila mmoja. Mkumbushe tu asevu kabla ya kujibu, kwa sababu akishamtaja mtu, gemu hii haina talaka.

Shangazi